Kuchelewa na Kucheleweshwa: Istilahi za Mtiririko wa Data Iliyobanwa

Katika makala haya tumekusudia kueleza tatizo moja la kompyuta ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halihusu kazi ya istilahi hata kidogo. Ni tatizo la data inayotumwa mfululizo kwa njia ya HTTP, ikiwa imebanwa ili ukubwa wake upungue, nayo ikamfikia msomaji wake kwa mafungu makubwa baada ya kimya kirefu. Tumeamua kulieleza humu kwa sababu neno moja tulilolitoa sisi wenyewe lilisaidia kulifanya tatizo hilo lidumu kuliko ilivyostahili.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi moja hupokea vipimo vya mvua na vya kina cha mito kutoka vituo 30. Kila kituo hutuma taarifa moja kila baada ya dakika 5, kwa hiyo kwa wastani taarifa mpya hutokea kila sekunde 10. Taarifa zote hukusanywa na seva moja, nayo seva huzipeleka kwenye ofisi hiyo kwa jibu moja la HTTP lisilofungwa mchana kutwa, likiwa limebanwa kwa njia ya gzip. Jambo lililowashangaza mafundi ni kwamba skrini ilikaa kimya kwa zaidi ya saa nzima, kisha taarifa mia kadhaa zikamwagika kwa pamoja. Kwa mtu anayelinda daraja wakati wa masika, kipimo cha saa moja iliyopita hakimfai kitu.

Mafundi walishuku njia ya mawasiliano. Wakalipia njia yenye kasi zaidi, na hali ikabaki ile ile. Ndipo wakarejea kwenye mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili, wakakuta umeandikwa kwamba baada ya kila taarifa ni lazima "kufuta kibanaji". Fundi aliyekuwa zamu hakuitekeleza amri hiyo. Aliona kwamba akifuta, vipimo vitapotea. Hakuwa na kosa hata chembe, maana katika Kiswahili kufuta ni kuondoa kitu kisionekane tena. Mfasiri naye alilichukua neno hilo kwenye orodha ya istilahi iliyotoka mezani petu, ambamo neno la Kiingereza "flush" lilifasiriwa "futa, safisha". Hatuna budi kukiri kwamba walioiandika orodha hiyo, nasi tukiwamo, walikuwa wakifikiria choo kuliko kompyuta.

Ili tuone neno hilo lilikosea wapi, sharti kwanza tuelewe kazi yenyewe inavyokwenda.

Kubana na kubanua

Programu ya gzip ilitungwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992, na muundo wake ukachapishwa rasmi mwaka 1996. Ndani yake imo njia iitwayo DEFLATE, iliyobuniwa na Phil Katz. Njia hii hufanya mambo mawili. Kwanza, hukumbuka baiti 32,768 zilizopita mwisho. Ikikutana na maneno yaliyokwisha kupita, haiyaandiki tena, bali huandika agizo fupi la kurudi nyuma hatua kadhaa na kunakili urefu fulani. Taarifa za vipimo hurudia jina la kituo, tarehe na kizio kila mara, kwa hiyo faida ni kubwa: taarifa ya baiti 300 yaweza kushuka hadi baiti 60 hivi.

Jambo la pili ndilo lenye kiini cha mkasa wetu. Alama zinazotokea mara nyingi hupewa misimbo mifupi, na zile adimu hupewa misimbo mirefu, kwa kanuni aliyoichapisha David Huffman mwaka 1952. Lakini programu itajuaje ipi ni nyingi na ipi ni adimu kabla haijaziona? Haina njia nyingine ila kuzikusanya kwanza. Maktaba ya zlib, ambayo ndiyo itumikayo sana kwa kazi hii, kwa kawaida huweza kukusanya alama zipatazo 16,000 kabla haijafunga fungu moja na kulitoa. Tukikadiria kwamba kila taarifa yetu ina alama 40 baada ya hatua ya kwanza, itazihitaji taarifa 400 ili fungu lijae. Kwa taarifa moja kila sekunde 10, hizo ni sekunde 4,000, yaani dakika 66. Hiyo ndiyo saa nzima ya kimya waliyoiona mafundi. Haikuwa hitilafu. Programu ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba kuna mtu anayesubiri.

Kuhusu jina la kazi hii, wako waandishi wanaotumia "kugandamiza" au "kushinikiza". Sisi tunapendelea kubana. Maneno ya shinikizo na mgandamizo yamekwisha kukaa katika fizikia, na huleta picha ya hewa ndani ya mtungi, ambayo kifuniko kikiondolewa hujitanua yenyewe. Data iliyobanwa haijitanui yenyewe ng'o. Ni lazima programu nyingine iifanyie kazi ya kinyume, hatua kwa hatua, kwa kufuata maagizo. Na hapa Kiswahili kina utajiri wake: kiambishi cha kutendua hutupa ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, na vivyo hivyo bana na banua. Mwenye kujua neno moja amekwisha kulijua la pili, wala hana haja ya kuungaunga "ondoa mbano" au "rejesha ukubwa wa awali" kama tulivyokuta katika baadhi ya tafsiri.

Chombo cha kukingia

Njiani, kutoka kwenye kituo hadi kwenye skrini, data hupumzishwa mahali pengi. Programu ya kubana ina mahali pake, seva ina pake, na programu pokezi ina pake. Mahali hapo wengi hupaita "bafa", na neno hilo limeenea kiasi kwamba hatuoni sababu ya kulipiga vita. Hata hivyo tumeona kwamba wanafunzi wanaolikariri bila kulijua hudhani ni aina ya hifadhi ya kudumu. Tunapendekeza liandamane na neno la Kiswahili "kingio", makingio kwa wingi. Mvua inyeshapo, watu hukinga maji ya paa kwa ndoo au mtungi. Chombo hicho si tangi la nyumba. Kazi yake ni kupokea matone ili maji yabebwe kwa mkupuo mmoja badala ya tone moja moja. Kingio la kompyuta ni hivyo hivyo, na sababu ya kuwapo kwake ni ile ile: kutembea mara moja na ndoo iliyojaa ni nafuu kuliko kutembea mara mia na matone.

Basi, ndoo isipojaa mtu atafanyaje ikiwa ndani ya nyumba kuna mwenye kiu? Ataimimina ilivyo. Hilo ndilo neno tulilokuwa tukilitafuta. Kumimina kingio ni kukitoa nje kilichomo bila kungoja lijae, na hakuna anayemimina maji akadhani ameyapoteza. Kwa maana hiyo agizo la mwongozo linapaswa kusomeka: "mimina kibanaji baada ya kila taarifa." Tunawaomba wenye orodha yetu ya zamani waikate "futa" kwa kalamu, na mahali pake waandike "mimina".

Wataalamu watatuuliza juu ya aina za kumimina, maana zlib inazo kadhaa. Mbili zatosha hapa. Iko ile iitwayo Z_SYNC_FLUSH, ambayo hutoa kila kilichokusanywa na kuongeza fungu tupu ambalo mwisho wake ni baiti nne za 00 00 FF FF, lakini huiacha kumbukumbu ya baiti 32,768 kama ilivyokuwa. Iko na Z_FULL_FLUSH, ambayo hutoa kila kitu na kuisahau pia kumbukumbu hiyo, hata taarifa inayofuata hubanwa kana kwamba ndiyo ya kwanza. Ya kwanza tumeiita kumimina tu, na ya pili kumimina na kusahau. Kwa mtiririko wa vipimo, ya kwanza ndiyo ifaayo. Gharama yake ni kama baiti 5 kwa kila mara, kwa hiyo taarifa yetu ya baiti 60 huwa 65. Bado ni ndogo mno kuliko 300. Kitendo cha tatu, cha kufunga kabisa mtiririko na kuandika baiti 8 za mwisho za uhakiki, si kumimina. Tumekiita kuhitimisha, na tunasihi visichanganywe.

Uchelewaji na ucheleweshaji

Mwongozo uliposahihishwa, mafundi wa upande wa seva walimimina kibanaji baada ya kila taarifa. Kimya kilipungua kutoka dakika 66 hadi 21. Kilipungua, lakini hakikuisha, na kwa siku mbili hivi ilisemekana kwamba hata neno jipya halifai.

Hapa tusimame kidogo juu ya sarufi. Maandishi mengi hutumia "uchelewaji" na "ucheleweshaji" kama kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Sivyo. La kwanza latokana na kuchelewa, na mwenye kuchelewa huenda hana wa kumlaumu: safari ni ndefu. La pili latokana na kuchelewesha, na mwenye kucheleweshwa yuko aliyemzuia. Katika mawasiliano ya kompyuta tofauti hii ni ya lazima kabisa. Muda ambao ishara huutumia kusafiri katika waya kutoka bara moja hadi jingine ni uchelewaji. Hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, aghalabu mia moja, mbili au tatu, na hauondoki kwa kubadili programu. Muda ambao taarifa hukaa ndani ya kingio ikingoja wenzake ni ucheleweshaji, nao waweza kuwa wa saa nzima, na hauondoki kwa kununua njia yenye kasi. Lau mafundi wetu wangekuwa na maneno haya mawili tangu mwanzo, wangejiuliza ni upi kati yao kabla ya kulipa. Kimya cha dakika 21 hakiwezi kuwa uchelewaji, hata kama seva ingekuwa mwezini.

Yuko basi aliyekuwa akizuia. Namna ya kumtafuta ni kusimama mahali pawili na saa mkononi. Mahali pa kwanza ni pale baiti zinapoingia kutoka kwenye mtandao, kabla hazijabanuliwa. Mahali pa pili ni pale taarifa zinapotoka zikiwa tayari kusomwa. Ikiwa baiti huingia kidogo kidogo kila sekunde 10 lakini taarifa hazitoki, mzuiaji yuko kwa msomaji. Ikiwa baiti zenyewe huingia kwa mafungu, mzuiaji yuko huko zitokako. Inafaa pia kuutazama ukubwa wa fungu: baiti 4,096, au 8,192, au 16,384 zikijirudia rudia bila kupungua wala kuzidi, hapo hakuna bahati nasibu, bali ni ukubwa wa kingio la mtu fulani. Tena zile baiti 00 00 FF FF tulizozitaja zikionekana mwishoni mwa kila taarifa iliyobanwa, basi mtumaji amemimina, na hana lawama.

Katika ofisi ile zilionekana. Baiti ziliingia kwa ukawaida wa kupendeza. Kosa lilikuwa katika programu pokezi, ambayo ilitumia amri ya kusoma baiti 8,192, na amri hiyo ilikuwa ya namna isiyorudi mpaka idadi itimie. Baiti 8,192 zikigawanywa kwa 65 ni taarifa 126, nazo kwa sekunde 10 kila moja ni dakika 21. Kingio huhesabu baiti, dakika halizijui. Na kutokana na hilo hutokea jambo ambalo tulipoelezwa mara ya kwanza hatukulisadiki, nalo ni kwamba kadiri data inavyobanwa vizuri zaidi ndivyo inavyocheleweshwa zaidi, kwa sababu matone yamekuwa madogo ilhali ndoo ni ile ile. Bila kubanwa, taarifa 27 tu za baiti 300 zingelijaza kingio hilo, na kimya kingekuwa cha dakika 4 na nusu.

Kwa hiyo jaribio linaloshauriwa mara nyingi, la kumwomba mtumaji alete data isiyobanwa ili ionekane kama tatizo litaondoka, lisomwe kwa uangalifu. Dakika 21 zikishuka kuwa 4 na nusu, fundi mwenye haraka atatangaza kwamba kubana ndiko kubaya. Kumbe kingio liko pale pale, ila limejaa upesi.

Dawa ilikuwa fupi. Amri ya kusoma ilibadilishwa na nyingine inayorudi na chochote kilichopo, hata kama ni baiti 65, na kilichopo kikapelekwa kwenye kibanuaji kinachofanya kazi kwa hatua. Tunasema kwa hatua kwa sababu viko vibanuaji vya mkupuo, ambavyo hudai vipewe data yote hadi zile baiti 8 za kuhitimisha ndipo vianze. Kwa faili havina ubaya. Kwa mtiririko usio na mwisho vitangoja milele, wala havitatoa onyo lolote. Siku hiyo hiyo kimya cha ofisi ile kilishuka chini ya sekunde moja.

Wasomaji wanaotumia lugha ya Java watakutana na sura nyingine ya jambo hili hili. Ipo amri ya kuuliza kama ndani ya mtiririko kuna baiti zinazoweza kusomwa bila kungoja. Kibanuaji cha gzip cha lugha hiyo, maadamu mtiririko haujafika mwisho, hujibu 1, yaani "zipo", hata kama hazipo. Msomaji mwenye kingio huliamini jibu hilo, huenda kusoma zaidi ili alijaze, na hapo hukwama. Tiba iliyozoeleka ni kutunga kibanuaji kidogo kinachorithi kile cha asili na kulirekebisha jibu hilo ili liseme "hakuna". Hapa kingio liko baada ya kubanua, kwa hiyo huhesabu baiti nzima 300 wala si 65, na ukimya wake ni mfupi zaidi. Ndiyo maana mwandishi wa mwongozo asiishie kusema "kingio" tu. Aseme ni kingio la kabla au la baada ya kubanua.

Mzuiaji mwingine ni seva wakala, ile inayokaa katikati na kupokea kwa niaba ya nyingine. Programu ya nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, inapofanya kazi hii hukinga majibu ya seva ya nyuma yake kwa kawaida, isipokuwa ikiagizwa vingine au seva hiyo ikituma kichwa cha X-Accel-Buffering chenye neno "no". Hili hupimwa kwa kumpita wakala na kusoma moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, pale inaporuhusiwa. Na mwenye kujaribu kwa programu ya curl akumbuke kuweka alama ya -N, maana curl nayo ina kingio lake la kutolea, na tumemsikia mtu akiilaumu seva kwa kosa la kipimo chake mwenyewe.

Limebaki neno moja ambalo bado linatusumbua. Kanuni za HTTP/1.1, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, humruhusu mtumaji asiyejua urefu wa jibu lake alikate vipande, na kila kipande akitangulize kwa idadi ya baiti zake. HTTP/2 ya mwaka 2015 hufanya kazi hiyo kwa namna nyingine, lakini vipande vya 1.1 vingali vikitumika sana. Tumeviita "vipande" kwa kukosa neno bora, nasi tunaona hatari yake. Msomaji hudhani kipande kimoja ni taarifa moja, akaandika programu inayobanua kila kipande peke yake kana kwamba ni faili kamili, ikavunjika mara ya kwanza taarifa inapoangukia mpakani. Kipande hakijui taarifa inaishia wapi, wala hakijui programu ya kubana ilimimina wapi; ni kipimo cha usafirishaji tu, kama vile pishi isivyojua nafaka iliyomo ni ya shamba gani. Kumependekezwa "pishi" lenyewe, na pia "gawio", ambalo hata hivyo limekwisha kuchukuliwa na wahasibu. Wasomaji wenye neno jingine, hasa kutoka kwa wapakizi wa bandarini na wapimaji wa nafaka sokoni, walilete kabla orodha mpya haijapelekwa kwa mpiga chapa.